Sekunde Saba za Mwalimu Fortunata

Fortunata Mlowe alikuwa na sauti. Wenzake wa fleti pale Al Nahda, Sharjah, walisema akiwa jikoni anaongea na mama yake aliyeko Makambako, simu ilikuwa ya mapambo tu. Shuleni, mlinzi wa getini, ghorofa mbili chini ya darasa lake, alikuwa ameshika kuzidisha mpaka mara kumi na mbili bila kukusudia, na kila asubuhi alimsalimu kwa heshima ya mwanafunzi.

Sauti hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kazini. Alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa shule ya msingi nje kidogo ya Makambako, darasa la pili, watoto mia moja na kumi na wawili chini ya bati, na mvua za kule hazina adabu. Mwalimu asiyepaza sauti alikuwa anafundisha safu ya mbele peke yake. Tena aligundua mapema kwamba katika umati ule ukiuliza swali ukasubiri jibu, utaletewa ugomvi. Kwa hiyo akawa anauliza mwenyewe, anajibu mwenyewe, watoto wanaitikia "ndiyooo", na kipindi kinakwenda. Alifundisha hivyo miaka sita.

Dubai alikuja kulea watoto wa watu. Familia iliyomwajiri, huko Mirdif, ilikuwa na watoto watatu. Siku moja madam alirudi mapema kutoka kazini akakuta mito yote ya sebuleni imepangwa safu safu kama madawati, watoto wake watatu na binamu zao wawili wameketi wima juu ya mito hiyo, na Fortunata amesimama mbele ameshika mwiko.

"Kumbe wewe ni mwalimu!" madam akasema.

"Nilikuwa, madam."

"Hapana. Bado."

Madam yule ndiye aliyemsukuma. Fortunata akasoma shahada kwa masafa, usiku na Ijumaa. Vyeti vikaenda kupigwa mihuri Dar es Salaam, Dodoma na Abu Dhabi, hadi akawa anasema cheti chake kimesafiri kuliko yeye mwenyewe. Mwishowe shule binafsi moja upande wa Al Qusais ikamchukua, kwanza kama msaidizi, na mwaka uliofuata akakabidhiwa darasa la tatu. Watoto ishirini na sita. Alipopewa orodha alirudi ofisini kuuliza kama ukurasa wa pili umesahaulika kwenye mashine.

Basi akaingia darasani, akapanua kifua, akawafundisha wale ishirini na sita kama mia moja na kumi na wawili.

Mwezi wa kumi shule ilileta mkufunzi. Jina lake Sundus, mama wa Kisudani mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, mtu wa maneno machache. Aliketi nyuma ya kila darasa kwa kipindi kimoja, na saa ya kupimia na karatasi ya mistari. Kwa Fortunata kipindi kilikwenda vizuri sana. Fortunata mwenyewe aliona hivyo. Alieleza mzunguko wa maji kwa mikono, kwa miguu, na mahali pa radi alipiga meza hadi mtoto mmoja akaangusha chupa.

Baada ya masomo Sundus akamwita, akaweka karatasi mezani.

"Ya ustadha, kipindi ni dakika arobaini. Unadhani umeongea dakika ngapi?"

"Labda ishirini," Fortunata akasema, akijipunguzia kidogo kwa unyenyekevu.

"Thelathini na nne."

Fortunata akaivuta karatasi karibu.

"Umeuliza maswali sitini na matatu. Arobaini na moja umeyajibu mwenyewe."

"Niliyapata?"

"Yote," Sundus akasema, na wala hakucheka. "Shida si majibu. Ukiuliza, husubiri hata sekunde moja. Mtoto hajameza swali, wewe umeshampokonya. Wiki hii jaribu jambo moja tu. Uliza swali, kisha nyamaza. Hesabu moja mpaka saba kimoyomoyo. Usirudie swali, usitaje jina la mtoto, usisaidie. Nyamaza tu."

"Sekunde saba," Fortunata akasema. "Hicho tu?"

"Hicho tu."

Akaona kama ametukanwa. Miaka yote ile ya kazi, bati na mvua, shahada, mihuri, halafu mtu anakwambia upungufu wako ni sekunde saba! Lakini njiani kuelekea nyumbani, ndani ya basi lililokwama kwenye foleni ya kuingia Sharjah, alijaribu. Akajiuliza swali kimya kimya, akaanza kuhesabu. Alipofika tatu akajikuta ameshajijibu, tena kwa sauti, na mzee wa Kipakistani aliyeketi kando yake akaliondoa begi lake ili yeye apate nafasi zaidi.

Akaona lazima afanye mazoezi.

Chumba chao walikaa watatu. Joha, wa Mombasa, aliuza manukato katika duka moja Deira na alikuwa na ulimi mtamu kama bidhaa zake. Precious, wa Nakuru, alipika kahawa kwenye mgahawa mmoja huko Jumeirah Lake Towers na kila jioni alirudi ananukia maziwa yaliyoungua. Jioni ile Joha alikuwa anakata vitunguu. Fortunata akasimama mlangoni mwa jikoni, akamtazama, akauliza:

"Joha, leo tutakula nini?"

Kisha akanyamaza. Moja. Mbili.

"Wali," Joha akasema. "Na kitoweo cha jana."

Fortunata hakuwa amemaliza kuhesabu, na Sundus hakumwambia la kufanya mtu akijibu mapema. Akaendelea kumkazia macho. Tatu. Nne.

Kisu cha Joha kikasimama. "Mbona waniangalia hivyo?"

Tano. Sita.

"Dadangu, kama ni ule unga wako wa ulezi, basi nisamehe," Joha akasema kwa haraka. "Wallahi nilidhani waujua. Nilitia kidogo tu."

"Ulitia wapi?" Fortunata akauliza, na hapo sekunde saba zikafa.

"Usoni. Nautia na maziwa ya mgando, najisugua. Kwani hukuona ngozi yangu ilivyotakata mwezi huu? Watu dukani waniuliza natumia nini."

Unga ule ulikuwa umetumwa kutoka Makambako kwa mkono wa mtu, kwa ajili ya uji. Fortunata alikuwa amejiuliza kwa wiki tatu kwa nini unapungua na yeye hanenepi.

Precious akachungulia kutoka chumbani. "Ni nini mbaya?"

Fortunata akamgeukia, akamtazama, akaanza moja tena, kwa majaribio.

"Manze, usiniangalie hivyo," Precious akasema. "Mimi sikugusa uso wangu na kitu yako. Ile taulo yako ndiyo nilitumia, na niliiosha." Akarudi ndani akafunga mlango.

Basi Fortunata akalala akijua mambo mawili: kwamba ukimya una nguvu kubwa, na kwamba anahitaji taulo jipya.

Kesho yake kipindi cha kwanza kilikuwa sayansi. Watoto wakasimama, "Good morning, Miss Fortuna," wakaketi. Fortunata akaweka mikono nyuma ili isimponze. Akauliza: "Mmea unahitaji nini ili uishi?"

Akafunga mdomo.

Kwa sekunde mbili za kwanza watoto hawakuona ajabu. Walikuwa wamezoea kwamba baada ya swali jibu linakuja lenyewe, kama lifti. Sekunde ya tatu vichwa vikainuka. Sekunde ya nne darasa likawa kimya kabisa, ikasikika hata pampu ya tangi la samaki pale dirishani. Fortunata alikuwa amesimama katikati, macho yamemtoka kidogo kwa juhudi, midomo ameikaza, shingo imesimama. Kusema kweli hakupendeza kutazama.

Akapita saba. Hakuna mkono uliopanda. Akaamua kuwapa saba nyingine.

Safu ya tatu akasimama Hashir, mtoto mnene mchangamfu ambaye sare yake daima ilikuwa na alama ya chakula cha asubuhi.

"Miss," akasema, na sauti ikamkatika. "Ni mimi niliyempa samaki chipsi."

Fortunata hakujibu. Alikuwa kwenye nne.

"Zilikuwa za pilipili," Hashir akaongeza, machozi yakaanza.

Kuona hivyo, Sheikha, msichana wa dawati la mbele aliyekuwa kiongozi wa kila kitu, naye akasimama. Akasema kazi yake ya nyumbani ya wiki iliyopita ameandikiwa na dada yake, ila picha ya kipepeo alichora mwenyewe. Mwingine akasema yeye ndiye aliyeziunganisha kamba za viatu vya wenzake walipokuwa mstarini. Mwingine akasema hajafanya kosa lolote lakini anaomba msamaha. Na wakati huo wote mtoto wa karibu na mlango alikuwa ameshatoka mbio kwenda kumwita nesi.

Nesi wa shule aliitwa Annah, Mkenya wa Kericho, mtu wa vitendo. Aliingia na mashine ya presha kwapani.

"Mwalimu, wanasema umepoteza sauti na umeganda. Keti hapa."

"Niko sawa," Fortunata akasema. "Nilikuwa nasubiri."

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Jibu."

"La nani?"

"La yeyote."

Annah akamtazama jicho, kwanza la kulia, kisha la kushoto. "Leta mkono."

Presha ilikuwa juu, jambo ambalo lisingemshangaza mtu yeyote aliyekuwepo. Fortunata akapelekwa chumba cha nesi, akalazwa kwa robo saa miguu ikiwa juu ya mto, huku darasani mwalimu msaidizi akimsomea Hashir maelekezo ya chakula cha samaki. Samaki alikuwa mzima. Baadaye ilionekana kwamba chipsi hakuzila.

Jioni Fortunata akampigia Sundus simu, akamweleza yote, pamoja na ulezi. Upande wa pili kukawa na sauti kama ya mtu anayekohoa ndani ya mtandio. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Sundus akicheka.

"Uliwaambia kwa nini unanyamaza?" Sundus akauliza alipopata pumzi.

"Hukuniambia niwaambie."

"Haki yako, kosa ni langu. Mwalimu wao hajawahi kunyamaza tangu shule ifunguliwe. Ghafla ananyamaza na kuwakodolea macho. Hata mimi ningekiri kitu. Waambie, ya ustadha. Mtoto akijua ukimya ni wake, ataukalia. Asipojua, ataukimbia."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya lolote, Fortunata akawakusanya watoto kwenye zulia.

"Nisikilizeni. Jana sikuwa nimekasirika, wala sikuwa mgonjwa. Kuna jambo najifunza. Ndiyo, na mimi najifunza. Nani amewahi kuona wali ukipikwa nyumbani?"

Mikono yote ikapanda.

"Ukifunua sufuria kila mara kutazama, nini kinatokea?"

Alikuwa karibu kujibu mwenyewe. Akauma ulimi.

"Mvuke unatoka," Hashir akasema. Mambo ya chakula yalikuwa fani yake. "Hauivi. Bibi yangu akipika biryani anaziba kifuniko kwa unga uliokandwa. Hata babu haruhusiwi kugusa."

"Basi," Fortunata akasema. "Swali ni sufuria. Nikiuliza, tunafunika. Hakuna anayefunua, wala mimi. Kila mtu apike jibu lake kichwani, mpaka nihesabu saba. Ndipo tunapakua."

Hilo wakalielewa mara moja. Ila walilielewa kupita kiasi. Kuanzia siku ile watoto ishirini na sita wakawa walinzi wa sufuria. Fortunata akiuliza swali kisha ulimi ukamwasha akaanza, "Yaani namaanisha kwamba..." darasa zima linapiga kelele, "Miss! Kifuniko!" Akifumbua tu mdomo ili apige miayo, Sheikha anamnyooshea kidole. Siku moja mwalimu wa Kiarabu aliingia kuazima mkasi katikati ya sekunde ya tano, akasema salamu alaykum, akafukuzwa na watoto kwa "shhh" moja ndefu iliyomrudisha hadi kwenye korido.

Mateso makubwa yalikuwa yake mwenyewe. Alikuwa hajui mdomo hukaa vipi ukiwa hauna kazi. Akabuni njia ya kuhesabu kwa vidole vya mguu, anakikunja kimoja kimoja ndani ya kiatu, ili asije akahesabu kwa sauti. Siku ya tatu msuli wa unyayo ukakaza alipofika kidole cha tano. Akaruka mguu mmoja kutoka ubaoni hadi mezani, meno ameyauma, bila kutoa hata neno. Watoto wakamtazama kwa heshima kubwa. Wakadhani ni dokezo la jibu, na watatu wakaandika "kangaruu".

Lakini kidogo kidogo mambo yakaanza kujitokeza ambayo hakuwahi kuyasikia. Majibu yakawa marefu. Mtoto aliyekuwa akijibu "jua" akawa anasema "jua, lakini si sana, mmea wa mama yangu ulikufa kwenye roshani mwezi wa saba." Wengine wakawa wanapingana. Fortunata akawafundisha kupingana kwa adabu: sema sikubaliani, sema kwa sababu, toa mfano. Akaandika maneno hayo juu ya ubao. Akagundua pia kitu kilichomtia haya, nacho ni kwamba wale aliowaona wazito wa akili hawakuwa wazito, walikuwa wanachelewa tu, na yeye siku zote alikuwa ameshaondoka kabla hawajafika.

Mmoja tu hakufika. Rumaisa. Alikaa dirishani karibu na samaki, msichana mdogo mwenye kusuka kamba ya penseli yake vidoleni. Daftari lake lilikuwa safi na sahihi, lakini tangu shule ifunguliwe hakuwahi kunyoosha mkono, na akiulizwa kwa jina alikuwa anatazama viatu vyake mpaka mtu amhurumie. Fortunata alianza kumngojea kama watu wanavyongojea mwezi wa Idi.

Jumatano ya wiki ya tatu aliuliza swali kuhusu vivuli, akafunika sufuria. Tano. Sita. Dirishani, polepole, mkono wa Rumaisa ukapanda.

Darasa zima likageuka. Hata Hashir akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Ndiyo, Rumaisa," Fortunata akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakujua anayo.

"Miss," Rumaisa akanong'ona, "naomba kwenda chooni."

Akaruhusiwa. Fortunata akageukia ubaoni akafuta mahali palipokuwa pasafi.

Wiki hiyo hiyo likaja tangazo. Bwana Humoud, msimamizi wa taaluma wa shule, atapita madarasani kuona mafunzo yamezaa nini. Humoud alikuwa mtu mkubwa, mwenye kanzu nyeupe iliyonyooka na roho nzuri, aliyefundisha hesabu miaka ishirini kabla ya kupewa ofisi. Kila mtu alijua kwamba aliikumbuka chaki. Akisimama kwenye korido kumwelekeza mgeni choo kilipo, mgeni alikuwa anaondoka anajua na njia tatu za kutafuta eneo la mduara.

Alifika darasani kwa Fortunata siku ya Alhamisi, kipindi cha pili. Viti vya wakubwa vilikuwa vimeazimwa kupelekwa ukumbini, kwa hiyo akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakafika karibu na kidevu, tableti juu ya magoti. Fortunata alikuwa amevaa viatu vipana, kwa ajili ya vidole. Somo lilikuwa sehemu: nusu, theluthi, robo.

Akaanza vizuri. Aliongea kidogo, watoto wakakunja karatasi, wakakata, wakalinganisha. Kisha akaandika ubaoni na kusoma:

"Sheikha amekula nusu ya mkate. Hashir amekula robo ya mkate. Hashir anasema yeye amekula zaidi. Je, inawezekana?"

Akafunga mdomo. Kidole gumba kikajikunja. Moja.

Kimya kikatanda, kile kimya kizuri, cha watu wanaopika. Mbili. Penseli zikagusa midomo. Tatu. Nyuma ya darasa kiti kikalia. Bwana Humoud alikuwa ameanza kusogea. Alikuwa hajawahi kukaa ndani ya ukimya wa namna hiyo, na swali la hesabu limening'inia hewani bila mtu wa kulishusha. Alimtazama Fortunata, akamwona amekaza uso. Akadhani mwalimu amekwama. Roho yake nzuri ikamshinda. Nne.

"Haiwezekani!" akasema kwa furaha. "Nusu ni kubwa kuliko robo. Daima!"

"SIR!" darasa zima likalia. "KIFUNIKO!"

Fortunata akahisi damu yote imeshuka kwenye viatu. Humoud akatazama huku na huku, kisha akatazama kanzu yake, kana kwamba kuna kitu amefungua asichojua.

Sheikha akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba ilikuwa sekunde ya nne tu, na kwamba jibu lake litakuwa bichi.

"Lakini ni sahihi," Humoud akasema.

Hapo dirishani mkono ukapanda. Fortunata akauona, na kusema kweli alifikiri choo. Akampa ruhusa kwa kichwa.

Rumaisa akasimama. Akatazama maneno yaliyoandikwa juu ya ubao, akayafuata kama mtu anayevuka mtaro kwa mawe.

"Sikubaliani na Sir Humoud," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilifika. "Kwa sababu hatujaambiwa mkate upi. Toa mfano... natoa mfano. Kama Sheikha ana mkate mdogo wa supermarket, ule wa kwenye pakiti. Na Hashir ana mkate wa Waafghani wa pale chini ya nyumba yetu, ule unaotoka kwenye tanuri, ambao ni mrefu kama..." Akatafuta kitu cha kulinganisha. "Kama mkono wa Sir. Robo ya ule ni kubwa kuliko nusu ya mdogo. Kwa hiyo inawezekana."

Akaketi. Akaanza tena kusuka kamba yake.

"Mimi hula ule," Hashir akathibitisha.

Humoud alikuwa amemtazama msichana yule, mdomo wazi kidogo, na miaka ishirini ya hesabu ikampita usoni. Halafu akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, akasimama ili ampigie makofi, na kiti kidogo kikasimama pamoja naye. Kilikuwa kimembana. Akageuka kukitafuta, kikageuka naye. Ilibidi Fortunata ashike miguu ya kiti, na Sheikha, aliyejiteua mara moja, ahesabu moja mbili tatu, ndipo msimamizi wa taaluma akatoka. Alipotoka akapiga makofi yake kama alivyokusudia.

"Umenikosoa sawasawa," akamwambia Rumaisa. "Sikuuliza mkate upi. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sikuwahi kuuliza mkate upi."

Ripoti ilikuja Ijumaa kabla ya saa sita. Fortunata aliisomea kwenye korido, amesimama. Ilisema mwalimu aliongea dakika kumi na moja, na wanafunzi waliongea zilizobaki. Chini, kwa mkono, Humoud alikuwa ameongeza: "Msimamizi aliongea mara moja, akakosea." Akamwomba pia awaeleze walimu wenzake alivyofanya. Fortunata akaisoma tena, akaenda kumwonyesha Annah, ambaye kwa tahadhari alimpima presha kwanza.

Wiki iliyofuata, Jumatatu baada ya masomo, akaletewa ujumbe kwamba mama yake Rumaisa yuko mlangoni na angependa kuonana naye. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, kitambulisho cha kazi bado kiko shingoni. Hakuketi.

"Miss Fortuna, sijui nianzeje. Binti yangu amebadilika."

"Nimeona," Fortunata akasema kwa fahari.

"Ijumaa tulikuwa mezani, na wakwe zangu wote. Baba yake akasema twende Fujairah kwa sababu ni karibu kuliko Al Ain. Rumaisa akasimama. Akasimama, mwalimu, mbele ya wageni! Akasema: sikubaliani na baba, kwa sababu inategemea tunaanzia wapi."

"Alisema kwa adabu?"

"Kwa adabu kabisa, hilo ndilo tatizo, hatukuwa na pa kumshika. Basi babu yake akasema zamani watoto walikuwa na heshima. Unajua alimwambia nini? 'Babu, toa mfano.'"

Fortunata akaziba mdomo kwa daftari. "Na babu alisemaje?"

"Alikosa mfano," mama akasema. Alikuwa ameukunja uso, lakini pembe za midomo zilikuwa zinamsaliti. "Alifikiri mpaka chai ikapoa. Sasa kila jioni wanakaa wawili kwenye roshani, yeye anatoa mifano ya utoto wake na Rumaisa anapinga. Mzee hajaongea hivyo tangu alipokuja kuishi nasi. Tulikuwa tunadhani hasikii vizuri."

Fortunata alitaka kuomba radhi, kwa desturi tu, lakini hakujua aombe kwa lipi. Akasema atamkumbusha Rumaisa kwamba mezani mtu huomba ruhusa kwanza.

"Mkumbushe," mama akasema. "Lakini usimkumbushe sana." Akatazama saa, akatazama lile tangi la samaki, akayatazama maneno juu ya ubao na kuyasoma taratibu kimoyomoyo. Kisha akauliza kama mdogo wake Rumaisa, aliye darasa la kwanza, anaweza kuandikwa mapema kwa Miss Fortuna kwa mwaka wa kesho kutwa. Fortunata akamwambia aulize ofisini. Mama akaaga, akatoka mbio, viatu vikilia koridoni.

Fortunata akavuta rundo la madaftari, akafungua la kwanza. Lilikuwa la Hashir. Majibu yote yalikuwa sahihi, na kwenye swali la nne palikuwa na doa la mafuta ya sambusa, kubwa, la duara, ambalo Hashir alikuwa ameligawa kwa penseli katika robo nne zilizo sawa.